Je, wajua kwa nini alama ya < hugeuka ukigawanya kwa namba hasi?

Kila aliyepita sekondari anaikumbuka sheria hii: ukizidisha au kugawanya pande zote mbili kwa namba hasi, geuza alama. Wengi tuliikariri hivyohivyo, kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Lakini sababu ipo, tena ni nyepesi, na aliyeielewa hababaiki hata dakika za mtihani zikiyoyoma.

Tuanze na fedha. Juma ana shilingi 2,000 na Asha ana 5,000, kwa hiyo 2,000 < 5,000. Sasa fedha hizo zifanye madeni: Juma anadaiwa 2,000, Asha anadaiwa 5,000. Nani ana nafuu? Juma. Ndiyo maana −2,000 > −5,000. Kiasi ni kilekile, ila aliyekuwa juu sasa yuko chini.

Au kumbuka gwaride la shuleni. Mmepanga mstari mmoja, mkaamriwa "nyuma geuka!" Hakuna aliyehama nafasi yake, lakini aliyekuwa wa kwanza sasa ni wa mwisho. Kuzidisha kwa −1 ni kuupa mstari mzima wa namba amri hiyo, ila namba zenyewe huhamia ng'ambo ya pili ya sifuri. Kujumlisha au kutoa ni kama kutembea pamoja hatua sawa, hakuna anayempita mwenzake. Kuzidisha kwa namba chanya hutanua au hubana nafasi kati yenu tu, mpangilio ukabaki uleule.

Tuione ikifanya kazi. Swali: 7 − 3x < 19. Toa 7 pande zote, unapata −3x < 12. Gawanya kwa −3, geuza alama: x > −4.

Kama huamini, pita njia nyingine isiyogawanya kwa namba hasi kabisa. Jumlisha 3x pande zote: 7 < 19 + 3x. Toa 19: −12 < 3x. Gawanya kwa 3: −4 < x. Jibu ni lilelile, na hatukugeuza chochote. Mimi naipenda sana njia hii, na kwa mwanafunzi mwenye wasiwasi ndiyo ningempa kwanza: peleka x upande ambao itakuwa chanya.

Kisha hakiki. Chukua 0, ambayo ni kubwa kuliko −4: 7 < 19, kweli. Aliyesahau kugeuza ameandika x < −4. Mwambie ajaribu −10: 7 + 30 ni 37, na 37 si ndogo kuliko 19. Ni sekunde tano tu.

Kosa hilo dogo lina gharama kubwa. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, wanapenda kuuliza namba kamili zinazotosheleza sharti lenye pande mbili, mfano −1 ≤ 5 − 2x < 9. Toa 5 kote: −6 ≤ −2x < 4. Gawanya kwa −2, alama zote mbili zigeuke: 3 ≥ x > −2. Namba ni −1, 0, 1, 2 na 3. Angalia kwamba 3 imo kwa sababu ya kile kimstari chini ya alama, na −2 haimo. Kwenye grafu nako, ukikosea alama utatia kivuli upande usiotakiwa, na hatua zote zinazofuata zitaharibika.

Alama zenyewe, < na >, zilionekana kwanza kwenye kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapwa 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Alama ya = ilikuwa imetangulia, 1557.

Mtego mkubwa kuliko yote ni huu: 6/x > 2. Mkono unakimbilia kuzidisha kwa x, unapata 6 > 2x, yaani x < 3. Jaribu −1: 6 gawanya kwa −1 ni −6, na −6 si kubwa kuliko 2. Tatizo ni kwamba hatujui kama x ni chanya au hasi, kwa hiyo hatujui kama tugeuze. Basi gawa kesi mbili. Kama x ni chanya, alama haigeuki, na x iko kati ya 0 na 3. Kama x ni hasi, 6/x nayo ni hasi, haiwezi kuzidi 2 kamwe. Jibu: 0 < x < 3.