Soda, bia na lutuku: vinavyopandisha na kushusha sukari ya damu

Tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani. Wakati huu wa kampeni yetu ya vipimo vya sukari, maneno mawili yanasikika sana Lubumbashi: bia ni chungu, kwa hiyo haina sukari, na lutuku, pombe kali ya kienyeji, inakata sukari. Yote mawili yanaumiza watu.

Geuza chupa ya sucré, yaani soda, utafute neno glucides (wanga na sukari). Mara nyingi utakuta gramu 10 hadi 12 kwa kila mililita 100. Chupa ya sentilita 33 basi inabeba gramu 33 hadi 40, yaani vijiko vidogo vinane hadi kumi. OMS, Shirika la Afya Duniani, inashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Vinywaji vya malti, ambavyo mama wajawazito hushauriwa kunywa “kwa ajili ya damu”, vina sukari kama hiyo hiyo. Munkoyo, kinywaji cha kienyeji cha mahindi, nayo: mizizi inayotiwa ndani yake huvunja wanga wa mahindi kuwa sukari hata kabla hujaongeza kijiko kimoja.

Uchungu wa bia unatoka kwenye houblon, maua ya mmea yanayotiwa ndani yake. Hauondoi wanga uliomo. Chupa kubwa ya sentilita 72 ina gramu 20 hadi 30 za wanga, na kama nguvu yake ni asilimia 5, ina gramu 28 hivi za alkoholi.

Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Usiku, au mtu akikaa bila kula, ini ndilo linalotoa sukari ili ubongo upate chakula. Pombe ikiingia, ini hushughulika nayo kwanza na kuacha kutengeneza sukari mpya. Mtu aliyekunywa lutuku bila bukari (ugali) tumboni, huku ametumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, sukari yake ya damu inaweza kushuka chini ya 70 mg/dl (miligramu kwa desilita) usiku wa manane, hata kesho yake. Kipimo kidogo cha asubuhi si dalili ya kupona. Ni ini lililozuiwa. Anayetumia metformini, kidonge kingine cha kisukari, naye ajihadhari: pombe nyingi inaongeza hatari ya asidi kujaa damuni.

Kwa sababu hiyo, anayekuja kupimwa akiwa amekunywa jana usiku tunampangia siku nyingine. Si adhabu, matokeo yake hayasomeki. Utaratibu ni huu: kaa saa 8 au zaidi bila kula, unywe maji peke yake. Chai bila sukari pia hapana, tafadhali. Dawa za sukari za asubuhi uje nazo mkononi, utazitumia baada ya kipimo, ukishakula. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe vizuri, maana kidole chenye mabaki ya embe au soda hupandisha namba bure. Tunachoma pembeni mwa kidole. Ukifikisha 126 mg/dl au zaidi, na huna dalili, tunarudia siku nyingine kabla ya kusema una ugonjwa.

Sukari ikishuka, mtu hutoka jasho, hutetemeka, huyumba na kusema maneno yasiyoeleweka. Kwenye nganda, yaani baa, watasema amelewa, wamwache alale. Msimwache! Kama anaweza kumeza, mpe mililita 150 za soda ya kawaida au vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari ndani ya maji. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu hapa. Ngoja dakika 15, pima tena, rudia kama bado yuko chini ya 70. Akipanda, ale bukari au mkate, kwa sababu pombe itaendelea kumshusha.

Aliyezimia usimnyweshe chochote. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na useme wazi alikunywa nini na anatumia dawa gani. Sindano ya glukagoni, ya kupandisha sukari, hutegemea akiba ya sukari iliyo kwenye ini, na kwa aliyekunywa pombe akiba hiyo inaweza kuwa imekwisha; huyo anahitaji glukosi ya mshipa.