Ameruhusiwa wodini, hajaruhusiwa kuacha dawa: maswali kuhusu afisa ustawi wa jamii

Afisa ustawi wa jamii ana kazi gani kwenye tiba ya magonjwa ya akili?
Daktari anatibu ugonjwa. Afisa ustawi anashughulikia maisha ambayo mgonjwa anayarudia: atalala wapi, nani atamshikia dawa, kazi au masomo yataendeleaje, nani nyumbani hazungumzi naye. Hayupo kwa ajili ya kupunguziwa bili tu, ingawa wengi humkumbuka siku hiyo ya bili.

Tumwone lini?
Wiki ileile mgonjwa anapolazwa. Tafadhali, msimsubiri hadi mizigo iko mlangoni. Anahitaji muda wa kuzungumza na mgonjwa faragha, kisha na ndugu, na pengine kufika nyumbani.

Sasa analala vizuri, anaongea vizuri. Aache dawa?
Hapana. Ametulia kwa sababu anameza dawa. Baada ya saikosisi (kuona au kusikia yasiyokuwepo, au kushikilia imani zisizo za kweli) ya mara ya kwanza, dawa kwa kawaida huendelea angalau miezi 12 tangu dalili ziishe; kwa sonona (huzuni nzito isiyoisha), angalau miezi 6.

Lakini zinamchosha, na mwili unakakamaa.
Bado jibu ni hapana. Msimkatie kidonge nusu, msimrukishie siku. Semeni kliniki: dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, wengine huhamishiwa sindano ya kila wiki 2 hadi 4. Anayeacha kimyakimya mara nyingi hurudi wodini, pengine akiwa na hali mbaya kuliko mwanzo, na ndugu hushangaa, ilhali vidonge vya mwezi mzima viko kabatini.

Kwa nini mnasisitiza sana wiki za mwanzo baada ya kutoka?
Kwa sababu ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya mgonjwa kujiua. Arudi kliniki ndani ya siku 7. Fungieni dawa na sumu za wadudu. Muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, msimwache peke yake, mleteni saa hiyohiyo.

Dalili zikianza kurudi?
Usiku 2 bila usingizi, kujitenga, kuacha kuoga: mleteni siku hiyo. Msingoje avunje vitu. Na masimango yakome. Kumsema kila saa huchangia ugonjwa kurudi, ndiyo maana afisa ustawi huwaita na ninyi mnaoishi naye.

Tukikosa nauli ya kliniki?
Mwambieni afisa ustawi kabla ya tarehe. Anaweza kuwatafutia kituo cha karibu, au kumwomba daktari atoe dawa za kutosha muda mrefu zaidi. Mkija wiki 3 baadaye, dozi zimeshakatika.