Kwa Nini Akili Unde Hutaja Kitabu Ambacho Hakijawahi Kuandikwa?

Mwanafunzi mmoja wa Bagamoyo, aliyekuwa akiandaa insha juu ya magofu ya Kaole, mji wa kale wa pwani wenye mabaki ya msikiti, aliiomba programu ya mazungumzo ya akili unde imtajie vitabu vya rejea, akapewa vinne papo hapo, kila kimoja na mwandishi, mwaka na kurasa zake. Alipovitafuta, viwili havikuwamo katika orodha ya maktaba yoyote, na kimojawapo kilikuwa kimepachikwa jina la mwanaakiolojia wa kweli ambaye hakukiandika.

Chanzo ni namna programu hizi zinavyofundwa. Hupitishwa katika maandishi mengi mno hadi zikajua neno gani huelekea kufuata jingine, kisha zikiulizwa huunda jibu kipande kwa kipande kwa kukadiria kinachofuata. Rejea ya kitabu ina umbo lisilobadilika sana: mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mchapishaji. Umbo hilo programu inalijua barabara, hata pale ambapo kitabu chenyewe haikijui, na nafasi zilizo wazi hujazwa majina yanayoelekea kufaa.

Ndiyo maana ukiuliza ni mwaka gani Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo, jambo lililoandikwa mara nyingi, aghalabu utajibiwa sawasawa kuwa ni 1891. Lakini ukiuliza nani alichimba kisima cha kijiji fulani cha pwani, jambo ambalo huenda halikuandikwa popote, huenda ukatajiwa mtu wa kubuni, kwa uhakika ule ule. Kwetu sisi tunaoandika habari za mahali padogo, tena kwa Kiswahili, hatari hii ni kubwa zaidi.

Kuiuliza programu yenyewe kama imesema kweli hakusaidii. Mwaka 2023, jijini New York, mawakili wawili na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, mojawapo ya programu hizi. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi mojawapo ni ya kweli, nayo ikakubali. Programu zinazopekua intaneti kwanza zina nafuu, ingawa kiungo cha ukurasa zinachokupa kinaweza kufunguka vizuri na ukurasa wenyewe usiwe na habari iliyodaiwa.

Mwanafunzi wetu hakuiacha programu. Aliitumia kupata maneno ya kutafutia na kufafanuliwa aya ngumu za Kiingereza, akavisoma mwenyewe vile vitabu viwili vilivyopatikana, na vipimo vya msikiti akaenda kuvichukua Kaole kwa futi ya kamba.