Je, wajua kwa nini jibini ya Roquefort hukomaa katika kijiji kimoja tu duniani?

Kusini mwa Ufaransa, katika mkoa wa Aveyron, kuna kijiji kinaitwa Roquefort-sur-Soulzon. Wakazi wake hawafiki mia saba. Nyumba zimebanana chini ya jabali lililosimama wima, upande wa kaskazini ambao wakati wa baridi jua huuona kwa taabu, na ardhi ya kulima ni haba. Mtu mwenye akili timamu akitafuta kiwanja, hapo angepapita tu. Lakini jibini yoyote inayouzwa kwa jina la Roquefort, iwe dukani Paris au Tokyo, lazima iwe imelala kwanza chini ya nyumba hizo. Ikikomazwa kijiji cha jirani, hata kwa maziwa yale yale na fundi yule yule, hairuhusiwi kuitwa Roquefort.

Sababu ni mlima ulioporomoka. Juu ya kijiji kuna mlima mdogo wa Combalou, ambao ni mwamba wa chokaa uliokalia tabaka la udongo wa mfinyanzi. Zamani za kale, maji yalipenya hadi kwenye udongo huo, ukateleza, na ukingo mzima wa mlima ukashuka na kuvunjikavunjika. Mawe makubwa kama majumba yalilaliana ovyo, yakaacha mapango katikati, na kati ya mapango hayo na nje zikabaki nyufa ndefu. Wenyeji huziita nyufa hizo *fleurines*. Eneo lote la mapango lina urefu wa kilomita 2 hivi na upana wa mita 300.

Nyufa hizo ndizo zinazofanya kazi yote. Kiangazi, hewa iliyo ndani ya mawe ni baridi na nzito, kwa hiyo hushuka na kutokea chini, huku ikivuta hewa ya joto iingie kutoka juu. Hewa hiyo ikipita kwenye mawe yenye unyevu hupoa, kwa kanuni ile ile inayopoza maji ya mtungi. Majira ya baridi mambo hugeuka: hewa ya ndani huwa na joto kuliko ya nje, ikapanda. Matokeo yake ni kwamba mapango hukaa kwenye nyuzi 8 hadi 12 hivi mwaka mzima, na unyevu wa hewa hukaribia asilimia 95. Fundi wa mapango hurekebisha kidogo tu, kwa kufungua na kufunga vijilango vya mbao vilivyowekwa kwenye midomo ya nyufa. Na hapo panahitaji mtu mzoefu, kwa sababu upepo wa nje hubadilika kila siku.

Mapango pekee yasingetosha bila kondoo. Jirani na kijiji kuna uwanda wa juu wa Larzac, nchi kavu ya mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha, maji huzama papo hapo. Ng'ombe wa maziwa hapo ni mtihani, ila kondoo wa aina ya Lacaune wanapamudu. Wachungaji wa zamani walichimba mabwawa ya mviringo wakayatandika udongo na mawe ili maji ya mvua yasipotee, na baadhi ya mabwawa hayo bado yanaonekana kando ya njia za mifugo.

Maziwa ya kondoo hao hutumika mabichi, bila kuchemshwa. Jibini hutengenezwa kwenye viwanda vilivyotawanyika eneo hilo, si lazima kijijini. Ndipo unapoingia ukungu unaoipa mistari ya bluu na kijani, ambao wanasayansi wameupa jina la kijiji chenyewe: *Penicillium roqueforti*. Kwa desturi ulipatikana kwenye mkate. Waoka mikate walitengeneza mikate mikubwa ya rai, nafaka ya jamii ya ngano, wakaichoma kwa moto mkali hadi ganda likawa jeusi lakini ndani kukabaki na majimaji. Mikate hiyo iliwekwa pangoni majuma kadhaa, ikaota ukungu hadi katikati, kisha ukungu ukakaushwa na kusagwa kuwa unga. Leo mwingi huoteshwa maabara, ingawa wapo watengenezaji ambao hawajauacha mkate.

Kila jibini, yenye uzito wa kilo mbili na nusu na zaidi kidogo, hutiwa chumvi na kutobolewa kwa sindano ndefu kutoka upande hadi upande. Mashimo yale hutoa gesi iliyojaa ndani na kuingiza hewa, kwa maana ukungu huo bila hewa haustawi. Ukikata kipande ukaitazama vizuri, utaona mistari mingine imenyooka sana: hiyo ilipita njia ya sindano. Baada ya majuma mawili au zaidi ikiwa wazi pangoni, jibini hufungwa kwa karatasi ya bati ili ukungu upunguze kasi, kisha huendelea kukomaa taratibu. Kwa jumla haitoki kabla ya siku 90.

Kazi ya kufunga, na zamani kukwangua na kutia chumvi, imekuwa ya wanawake. Waliitwa *cabanières*. Walikuja kutoka mashambani kwa msimu, wakashinda gizani kwenye baridi wakiwa wamevaa viatu vya mbao na nguo nzito. Hadithi inayosimuliwa kwa watalii ni ya mchungaji aliyesahau mkate na maziwa yaliyoganda pangoni kwa kumfuata msichana. Ni tamu, ila mimi naona wanawake hao wanastahili kusimuliwa kabla yake.

Watu wa kijiji walijua mapema kwamba mali yao ni pango. Mwaka 1411 Mfalme Charles VI aliwapa haki ya pekee ya kukomaza jibini humo. Mwaka 1666 mahakama ya Toulouse ikatoa amri dhidi ya wauzaji wa Roquefort bandia. Mwaka 1925 ikaja sheria ya nchi kulinda jina lenyewe, na mwaka 1961 mahakama ya Millau, mji wa jirani, ikakata shauri: njia ya kutengeneza inaweza kuigwa na yeyote, lakini jina ni la jibini iliyokomaa kwenye mapango ya asili ya Combalou.

Siasa nazo hazikukiacha kijiji. Wafugaji wa Larzac, wanaouza maziwa Roquefort, walipambana miaka kumi tangu 1971 kuzuia jeshi kupanua kambi yake kwenye malisho yao, na mwaka 1981 Rais Mitterrand akaufuta mpango huo. Mwaka 1999 Marekani iliitoza Roquefort ushuru wa asilimia 100, kwa kuwa Ulaya ilikataa nyama ya ng'ombe waliopewa homoni. Agosti mwaka huo, kwa kupinga ushuru huo, mfugaji wa kondoo José Bové na wenzake wakaubomoa mgahawa wa McDonald's uliokuwa ukijengwa Millau. Ugomvi wa nyama, na aliyelipishwa ni mfuga kondoo!

Leo kijiji ni kama barabara moja yenye maduka ya jibini, ofisi na milango ya mapango. Wafanyakazi wengi hawaishi hapo. Asubuhi hupanda kwa magari kutoka Saint-Affrique na vijiji vya karibu. Wageni huruhusiwa kuingia kwenye baadhi ya mapango na kuonja mwishoni. Ukienda Julai, nje jua likiwaka, chukua koti.