Flanji ya choo: kwa nini choo kinacheza na nini cha kufanya

Flanji ya choo ni pete ya plastiki au ya chuma inayokaa kwenye mdomo wa bomba la maji taka, pale bomba linapotokeza sakafuni chini ya choo cha kukalia. Inakishikilia choo kwa bolti mbili zinazopenya kitako chake. Juu yake hukaa pete ya nta, ambayo hubanwa na uzito wa choo na kuziba mwanya wote, maji machafu na harufu visipate pa kutokea.

Flanji hupasuka mara nyingi kwenye matundu ya bolti. Bolti ikikosa pa kushika, choo huanza kucheza kila mtu anapokaa. Hapo ndipo penye hatari yenyewe, kwa sababu nta haijirudi kama raba: ikishabonyea upande mmoja mwanya unabaki, na kila ukivuta maji, kidogo hupenya chini ya vigae. Kwenye maghorofa ya Tudor au Bamburi, anayegundua mara nyingi ni jirani wa chini, akiona doa kwenye dari yake.

Sisi wa Mombasa tuna adui mwingine, chumvi. Mfereji ukikauka, nyumba nyingi hutumia maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi. Choo kikivuja, maji hayo hula bolti za chuma cha kawaida pamoja na flanji ya chuma. Nunua bolti za stenlesi au za shaba, hata kama bei yake inauma.

Si kila choo kina flanji, lakini. Vingi vyetu vimefungwa sakafuni kwa skrubu na plagi za plastiki, na mdomo wa choo umeingizwa kwenye raba ya bomba la inchi 4. Hapo kinachotengenezwa ni matundu ya skrubu na raba. Muulize fundi kabla hujatumwa dukani.

Na akikwambia atapaka simenti nyeupe kuzunguka kitako basi yameisha, mkatalie. Simenti hiyo haishiki bolti wala haizibi bomba. Inaficha uvujaji, na siku ya kuking'oa choo unaweza kukipasua.

Matengenezo ya kweli yanataka choo kinyanyuliwe. Funga maji, vuta, kausha yaliyobaki kwa sponji, legeza nati, kisha kiinueni watu wawili. Ziba bomba kwa kitambaa, gesi isipande na nati zisitumbukie. Kwangua nta yote ya zamani. Ikiwa ni matundu tu yaliyovunjika, pete ya chuma ya kurekebishia hulazwa juu ya flanji na kukazwa kwa skrubu kwenye zege. Flanji iliyooza yote hukatwa na kuwekwa mpya, nayo inapaswa kukaa juu ya vigae, si kuzama chini yake. Vigae vipya vilivyowekwa juu ya vya zamani ndivyo vinavyoizamisha, na hapo huongezwa pete ya kuinulia.

Weka nta mpya kila mara. Shusha choo wima na usikitikise. Kaza nati kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, maana ukizidisha nguvu choo hupasuka. Mwishowe zungusha silikoni kwenye kitako, ila nyuma acha nafasi ndogo, ili maji yakivuja tena yatokee hapo uyaone mapema.