Mruko wa umeme: umande unavyovishinda vikombe vya nguzoni

Aliyeishi karibu na bahari huenda ameshausikia. Alfajiri, mvua haipo, upepo umetulia, nawe unapita chini ya laini kubwa ya umeme. Juu kunalia tsss, tsss, kama samaki anayetiwa kwenye mafuta ya moto, na ukiinua macho unaona cheche za samawati zikichezacheza kwenye vikombe vinavyoushika waya. Mara mwanga mkali, mlipuko, giza mtaa mzima. Kukicha watu wanaulizana: umeme umekatikaje na hata tone la mvua halikuanguka?

Umekatika kwa sababu mvua haikuanguka. Wahandisi hukiita kitendo hicho, cha umeme kuruka juu ya kikombe, flashova. Hapa tukiite mruko wa umeme.

Kikombe kina kazi mbili: kuushika waya, na kuuzuia umeme usishukie kwenye nguzo au mnara. Hutengenezwa kwa kauri, kioo au mpira wa silikoni, na vyote hivyo ni vizuizi hodari. Basi umeme wa mruko haupenyi ndani ya kikombe, unapita juu ya ngozi yake. Kikombe kilichotoboka ndani ni cha kutupa. Kilichorukwa aghalabu hubaki kizima, kimebabuka tu, na ndiyo maana pengine umeme hukatika, breka, yaani swichi inayoukata umeme kukiwa na hitilafu, ikajirudisha yenyewe, taa zikawaka tena kabla hujapata mshumaa.

Tatizo linaanza na uchafu. Pwani ni chumvi: upepo wa kusi hurusha matone madogo ya maji ya bahari, maji yanakauka, chumvi inabaki. Karibu na viwanda ni masizi na vumbi, na la saruji ndilo baya zaidi, maana likilowa hugandamana na kikombe hata mvua hailiondoi. Ongeza mavi ya ndege. Hata hivyo uchafu mkavu hauna madhara makubwa, kwani chumvi kavu haipitishi umeme. Kikombe kinaweza kukaa miezi kikiwa cheupe kwa chumvi na laini isitikisike.

Kisha unakuja umande. Chumvi inayeyuka na kikombe kinavaa utandu mwembamba wa maji ya chumvi, na hayo yanapitisha umeme. Mkondo mdogo, wa miliampia, unaanza kuvuja kutoka kwenye waya kuelekea kwenye chuma cha mnara. Mkondo huo unaupasha utandu joto, hasa karibu na shina la kikombe, ambako njia ni nyembamba na mkondo wote unabanana. Hapo maji yanakauka kwanza, ikabaki pete kavu.

Ungedhani kukauka ni heri. La. Msongo wa umeme (volteji) uliokuwa umesambaa juu ya kikombe chote sasa unaiangukia ile pete ya sentimita chache. Hewa iliyo juu yake haihimili, cheche inaruka. Mara nyingi cheche inazimika, pete inalowa tena, mchezo unaanza upya, na hiyo ndiyo tsss unayoisikia. Lakini utandu ukiwa na chumvi ya kutosha, cheche haizimiki. Inatambaa, inaungana na wenzake, mpaka ulimi mmoja wa moto unashika waya upande huu na chuma upande ule. Mkondo unaruka kutoka miliampia hadi maelfu ya ampia, na breka inakata. Hakuna radi iliyopiga wala msongo uliozidi. Ni umeme ule ule wa kila siku.

Mvua kubwa, kwa hiyo, ni rafiki: inaosha. Rasharasha inalowesha bila kuosha. Umande na ukungu ni wabaya kwa namna yao, kwa kuwa vinaingia hata chini ya mikunjo ya kikombe, mahali ambapo mvua haifiki kusafisha. Kuwait wanaijua shida hii bila msimu wa mvua wa maana: vumbi la jangwani lina chumvi, na usiku unyevunyevu wa Ghuba unalilowesha. Afrika Kusini nayo, Februari 2006, masizi ya moto wa nyika yalikutana na ukungu, laini kubwa za jimbo la Western Cape zikazimwa na mruko, karibu na kituo cha nyuklia cha Koeberg.

Dawa ya kwanza ni kurefusha njia ambayo umeme ungelazimika kutambaa juu ya kikombe, na hiyo ndiyo sababu ya ile mikunjo; haikuwekwa kwa urembo. Mwongozo wa kimataifa wa 1986 ulipendekeza milimita 16 za njia kwa kila kilovolti mahali pasafi, hadi 31 mahali pachafu sana. Chukua laini ya kilovolti 132, ambayo hupimwa kwa msongo wake wa juu, 145. Kikombe kimoja cha kawaida cha kauri kikiwa na njia ya sentimita 29 hivi, bara pasafi utahitaji mnyororo wa vikombe 8, ufukweni 16. Anayenakili mchoro wa bara na kuupeleka pwani ameshaupanga mruko wake.

Silikoni inafuata njia nyingine. Maji juu yake hayatandi, yanajikusanya vidonge kama juu ya jani la myugwa, na utandu haupatikani. La ajabu ni kwamba mafuta yake hupanda hadi kwenye vumbi lililotua, nalo likaanza kukataa maji.

Kwa vikombe vya kauri vilivyoko tayari, kazi ni kuosha, na wakati wake ni mwisho wa kiangazi, kabla ya manyunyu ya kwanza. Tangazo la kukatiwa umeme ili vioshwe likija na jua la utosi, mbinguni hakuna hata wingu, limekuja kwa wakati wake.