Tessa Hakujiua: Wanayokosea Watazamaji wa Now Is Good

Filamu ya Now Is Good ilitoka mwaka 2012, lakini kila kundi jipya la wasichana wa sekondari huigundua upya, likalia, kisha likawaonyesha mama zao. Mama hao ndio wanaonifikia mimi. Mimi ni muuguzi wa watoto wenye saratani hapa Uingereza, na baadhi ya familia ninazozitembelea nyumbani ni za Waswahili wenzangu. Juzi nimeulizwa tena, chai ikiwa bado haijamiminwa: "Sista, yule binti si alijiua tu? Angemaliza dawa zake si angepona?" Nimeona niandike, ili atakayeuliza kesho nimtumie hiki.

Kwa aliyesahau: Tessa Scott ana miaka 17, anaishi Brighton, na ana saratani kali ya damu, ile iitwayo ALL (acute lymphoblastic leukaemia). Ameacha kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, na kuandika orodha ya mambo anayotaka kuyafanya kabla hajafa. Katikati ya orodha anampenda Adam, kijana wa nyumba ya jirani. Ol Parker aliiandika na kuiongoza filamu kutokana na riwaya ya Jenny Downham, Before I Die, ya mwaka 2007.

"Aliacha kemo, kwa hiyo alijiua"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu haiishii kwenye filamu. Anayemsema Tessa leo, kesho atamsema mtoto wa shemeji yake.

Watu huifikiria kemo kama dozi ya malaria: ukimaliza umepona, ukikatiza umejitakia. Kemo ya ALL huchukua miaka miwili hadi mitatu. Kuna wiki za mwanzo za kuzipiga seli za saratani kwa nguvu, kuna dawa zinazochomwa kwenye maji ya uti wa mgongo ili ugonjwa usijifiche kwenye ubongo, kisha kuna vidonge vya kila siku kwa muda mrefu. Watoto wengi humaliza safari hiyo wakapona. Ila ugonjwa ukirudi, umerudi na zile seli zilizonusurika dawa. Zinahitaji dawa kali zaidi, nazo zinaingia kwenye mwili ambao moyo, ini na uboho wake tayari vimepata kipigo. Ukirudi tena baada ya hapo, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Tessa tunakutana naye akiwa ameugua miaka kadhaa, na hakuna anayetarajia apone. Katika hatua hiyo kemo inaweza kununua wiki, pengine miezi. Bei yake ni kitanda cha wodi, kutapika, vidonda vya mdomo vinavyofanya hata maji yasimezeke, na homa za maambukizi. Bei hiyo ndiyo aliyoikataa. Kilichomuua ni saratani.

Tena, anayeacha kemo hajaacha matibabu. Hapa ndipo huwa napandisha sauti, mnisamehe. Bado anaongezewa damu na chembe za kugandisha damu. Bado anapewa antibiotiki, dawa za maumivu, za kichefuchefu, na muuguzi anabisha hodi nyumbani. Hiyo inaitwa huduma shufaa, na ni kazi ya kitaalamu kama nyingine yoyote. Sijui nani aliwaambia watu kwamba ni hospitali kunawa mikono.

Halafu linafuata swali la baba. Paddy Considine amemwigiza baba anayeng'ang'ania tumaini mpaka unamhurumia, na watazamaji wanauliza mbona hakumlazimisha mwanawe. Kwa Uingereza jibu lina kona zake. Tangu sheria ya mwaka 1969, mwenye miaka 16 anaweza kukubali matibabu kwa sahihi yake mwenyewe. Kukataa ni habari nyingine: mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa ilisema aliye chini ya miaka 18 akikataa, mahakama inaweza kuamuru atibiwe. Kwa hiyo kisheria mlango wa kumlazimisha Tessa ulikuwepo. Lakini jaji huuliza kama matibabu hayo yana manufaa kwa mtoto mwenyewe, na sijui ni jaji gani angeagiza binti wa miaka 17 ashikwe kwa nguvu ili apewe dawa isiyotarajiwa kumponya.

Kuna kisa cha kweli: mwaka 2008, msichana wa miaka 13 wa eneo la Hereford alikataa kupandikizwa moyo. Aliwahi kuugua saratani ya damu, na matibabu yake yalikuwa yameudhoofisha moyo. Hospitali ilifikiria kwenda mahakamani, msichana akazungumza na afisa wa ulinzi wa watoto, na hospitali ikaacha. Mwaka uliofuata alibadili mawazo na akapandikizwa. Hili ndilo ninalowaambia wazazi: mtoto aliyesema hapana muulize tena baada ya muda, bila kumfokea. Na mwambieni ukweli. Watoto wanajua. Cal, mdogo wake Tessa, ndiye anayezungumza waziwazi kuliko wote nyumbani; anamwambia dada yake kwamba akitaka kurudi kama mzimu kumtokea, yeye hana shida. Wazazi wakubwa wazima hukunja uso kwenye mstari huo. Mimi hucheka, maana wadogo wa wagonjwa wangu huniuliza maswali ya namna hiyohiyo nikiwa navaa viatu mlangoni.

"Mwishoni walimmaliza kwa mofini"

Hapana. Mofini, dawa kali ya maumivu, ikianza kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole kufuata maumivu, haifupishi maisha. Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa husinzia, kisha mwili unazoea. Pumzi inayobadilika siku za mwisho ni ya ugonjwa wenyewe, lakini kwa kuwa dawa ilitolewa saa moja kabla, lawama inaiangukia dawa. Uganda walilielewa hili mapema: mofini ya maji inatumika huko tangu miaka ya 1990, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea huduma shufaa wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa. Kitu ambacho kweli hukera na mofini ni choo kigumu. Ukipewa mofini bila dawa ya kulainisha choo, rudi ukaiombe hiyo ya choo siku hiyohiyo.

"Saratani ya damu ni kifo tu"

Filamu inahitaji Tessa afe, wodi haihitaji. Katika nchi tajiri, watoto takriban tisa kati ya kumi wenye ALL wanakuwa hai miaka mitano baada ya kugundulika. Vijana wa umri wa Tessa wako chini kidogo ya hapo. Hata ugonjwa unaporudi, mambo hayako kama mwaka 2012: tangu 2018 huduma ya afya ya England imekuwa ikiwapa baadhi ya watoto CAR-T, ambapo seli za kinga za mgonjwa hutolewa, hufundishwa maabara kuiwinda saratani, na kurudishwa mwilini. Haimfai kila mtu. Ila Tessa wa leo angekuwa na jambo moja zaidi la kumuuliza daktari.

"Mbona haonekani mgonjwa?"

Kwa sababu ameacha kemo, nywele zinaota. Akiongezewa damu mashavu yanarudi rangi na anakimbia ufukweni. Siku chache baadaye chembe za kugandisha damu zinashuka, na pua inatoka damu mpaka Adam anapigwa na butwaa. Tukio hilo ni la kweli kabisa, ndivyo linavyokuwa. Na kwa walio bado kwenye kemo, nitasema ninalolisema kila nyumba: nunueni kipimajoto kabla ya juisi za miujiza. Joto likifika 38, pigeni simu wodini hapohapo, usiku wa manane au mchana, wala msianze kwa kumpa panado, maana itaficha homa huku maambukizi yakiendelea.

"Adam angeambukizwa"

Saratani ya damu haiambukizi, si kwa busu wala kwa kulala pamoja. Aliye kwenye kemo tunamshauri kondomu, kwa kuwa dawa hupita kwenye majimaji ya mwili na mimba wakati huo ni hatari. Basi.

"Wameiga The Fault in Our Stars"

Riwaya ya Downham ni ya 2007. Ile ya John Green ilitoka Januari 2012, na filamu yake 2014. Wala si kisa cha kweli; Tessa ni wa kubuni, na Dakota Fanning aliyemwigiza ni Mmarekani wa Georgia, ingawa lafudhi yake imewadanganya hata majirani zangu Waingereza.